Shauri la Madai Likitupwa kwa Kuchelewesha Nyaraka: Mwongozo Kamili wa Kulinusuru

Hakimu anasoma amri fupi: mdai hakuwasilisha hoja zake za maandishi ndani ya muda uliopangwa, hakutoa sababu, shauri linatupwa kwa gharama. Umehudhuria mahakamani miaka miwili, mashahidi wako wapo, mkataba uko kwenye bahasha, na hakuna aliyewahi kuamua kama unadai haki au hudai. Hili linauma kuliko kushindwa, kwa sababu aliyeshindwa angalau alisikilizwa.

Mwongozo huu unahusu mahakama za Tanzania Bara, na umeandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida anayejisimamia mwenyewe au anayetaka kuelewa wakili wake anafanya nini. Namba za vifungu nilizotaja ni za Toleo la Sheria la mwaka 2019. Ukiwa na toleo jipya zaidi, linganisha kwanza kabla ya kunukuu. Jambo moja lishike tangu sasa, maana hatua zote zinalizunguka: mahakama inaweza kumsamehe mtu aliyechelewa miezi kadhaa kwa kuwa ameeleza kila siku ilikwendaje, na ikamnyima msamaha aliyechelewa siku tatu asizoweza kuzieleza.

Kama tarehe imepita lakini shauri halijatupwa bado

Anzia hapa, kwa sababu huenda hujachelewa kiasi hicho. Kifungu cha 93 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kinaipa mahakama uwezo wa kuongeza muda ambao yenyewe iliupanga, hata kama muda huo umeshakwisha. Tarehe za kuwasilisha hoja za maandishi, majibu ya mdai kwa utetezi au orodha ya nyaraka huwa zimepangwa na mahakama, kwa hiyo zinaingia humo. Omba ruhusa leo. Usingoje siku ya kutajwa shauri ukidhani hakimu atakuuliza kwa upole kilichotokea.

Kosa kubwa la watu wengi hapa ni kuziingiza nyaraka kimyakimya, siku mbili au tatu baada ya muda, wakitumaini hakuna atakayeona. Upande wa pili utaona. Nyaraka zilizoletwa nje ya muda bila ruhusa hazihesabiwi kuwa ziko mbele ya mahakama, na utakuwa umempa mpinzani wako hoja ya pili: kwamba umedharau amri. Ruhusa kwanza, nyaraka baadaye.

Kwa mdaiwa, hesabu ni kali zaidi. Utetezi wa maandishi unatakiwa ndani ya siku 21 tangu kupokea wito. Ukiona hutaweza, omba kabla siku hizo hazijaisha, au ndani ya siku 7 baada ya kuisha. Mahakama ikiridhika inaweza kukupa siku 10 za ziada, basi. Hapo hatari haiko kwenye shauri kutupwa bali kwenye hukumu ya upande mmoja dhidi yako.

Hatua ya 1: Omba nakala ya amri siku hiyohiyo

Usirudi nyumbani na maneno uliyoyasikia ukiwa umechanganyikiwa. Nenda masjala, andika barua ya kuomba nakala ya uamuzi na amri, hakikisha imepokelewa na kugongwa mhuri wenye tarehe, na ubaki na nakala yako. Barua hiyo itakupatia nyaraka utakazoambatisha, na pia itakuwa ushahidi kwamba hukukaa tu. Kama utalazimika kukata rufaa, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, yaani sheria inayoweka muda wa mwisho wa kufika mahakamani, kinaondoa kwenye hesabu zile siku zilizotumika kupata nakala ya uamuzi unaoupinga, ila ni lazima uonyeshe uliomba lini na ulikabidhiwa lini. Asiye na mhuri wa siku aliyoomba hana cha kuondoa.

Ukiipata, isome polepole na uandike pembeni mambo manne: tarehe ya amri, kifungu au kanuni iliyotumika, sababu iliyotolewa, na neno la mwisho. Je, shauri limetupwa, au limeondolewa mahakamani?

Hatua ya 2: Jua limeanguka kwa namna gani

Mtaani yote huitwa "kesi imefutwa". Kisheria matokeo yake yanapishana sana, na ukibisha mlango usio wako utapoteza miezi mingine. Tofauti ya msingi ilielezwa zamani na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo ya mwaka 1959, na mahakama zetu bado zinaifuata: shauri lililotupwa huhesabiwa kuwa limeamuliwa, na lililoondolewa huhesabiwa kuwa halikuwa limefika vizuri mbele ya mahakama.

Kama limeondolewa, kwa mfano kwa kasoro ya uthibitisho (maneno ya mwisho yanayoeleza yapi unayajua mwenyewe na yapi umeambiwa) au kiapo kibovu, kwa kawaida unaweza kurekebisha na kulifungua upya, mradi muda wa kisheria haujapita. Soma amri uone kama kuna sharti la kulipa gharama kwanza.

Kama limetupwa kwa kutoendelezwa, hali ni nyingine. Hapa ndipo anapoangukia aliyekosa tarehe ya hoja za maandishi. Katika kesi ya Shirika la Bima la Taifa dhidi ya kampuni ya Shengena, Maombi ya Madai Namba 20 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kushindwa kuwasilisha hoja za maandishi ni sawa na kushindwa kuendesha shauri lako. Ukipewa amri ya kuandika badala ya kusimama na kuongea, ile karatasi ndiyo mahudhurio yako. Usipoileta, haijalishi kwamba ulikuwa umekaa kwenye benchi la mahakama siku ya kutajwa. Huwezi kufungua shauri jipya kwa madai yaleyale. Njia yako ni kurudi mahakama ileile na maombi ya kurejesha shauri, chini ya Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (hapa "Amri" ni fungu la kanuni ndani ya sheria hiyo, si agizo la hakimu). Hesabu siku 30 tangu tarehe ya amri, na ulenge kumaliza ndani ya wiki ya kwanza. Kama siku hizo 30 nazo zimekupita, kwanza uombe kuongezewa muda wa kuleta maombi ya kurejesha. Ni maombi mawili, moja baada ya jingine.

Namna ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: shauri limetupwa kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda wa kisheria. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo kinaamuru shauri la namna hiyo litupwe, hata kama mdaiwa hakulalamika. Madai ya mkataba yana miaka 6. Madai ya madhara yasiyotokana na mkataba, kama kukashifiwa au kuumizwa kwa uzembe, miaka 3. Kurejesha ardhi, miaka 12. Kifungu cha 14, kile ambacho kila mtu hukitaja akitaka kuongezewa muda, kinahusu rufaa na maombi tu. Hakihusu kufungua shauri. Nimeona watu wakiandika maombi mazuri sana chini ya kifungu hicho kwa ajili ya shauri la mkataba lililopitwa na wakati, na yote yakaishia kwenye pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kuyazuia kabla hayajasikilizwa.

Kwa shauri lenyewe, mwenye uwezo wa kuongeza muda ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, chini ya kifungu cha 44, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na nyongeza haiwezi kuzidi nusu ya muda wa kisheria. Kwa mkataba, basi, ni miaka 3 juu ya ile 6. Mwombe kabla ya kufungua shauri, kwa sababu likishatupwa kwa ukomo linahesabiwa limeamuliwa, na kinachobaki ni kukata rufaa kupinga kwamba lilichelewa.

Kabla hujakata tamaa katika namna hii ya tatu, chunguza kama kweli ulichelewa. Je, mdaiwa alikiri deni kwa maandishi na kusaini, au alilipa sehemu ya deni? Kifungu cha 27 huanzisha hesabu upya tangu siku hiyo. Je, ulikuwa kwanza umefungua shauri kwa nia njema katika mahakama isiyo na mamlaka? Kifungu cha 21 kinaweza kuziondoa siku hizo. Lakini mambo haya yalipaswa kuelezwa ndani ya hati ya madai yenyewe. Amri ya VII kanuni ya 6 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamtaka anayefungua shauri baada ya muda aeleze msamaha anaoutegemea. Kuyaibua baada ya pingamizi ni kuchelewa mara ya pili.

Na hili linawaponza wafanyabiashara hasa: mazungumzo ya kusuluhishana hayasimamishi siku. Barua za "tuvumiliane hadi mwezi ujao" zinaweza kukufikisha mwaka wa saba. Hali ni hiyohiyo kwa anayetaka kuishtaki Serikali, ambaye lazima atoe kwanza notisi ya siku 90. Itume mapema, isije ikamalizia muda uliobaki.

Hatua ya 3: Hesabu siku upya, kwa kalenda

Siku ambayo amri ilitolewa haihesabiwi. Anza na inayofuata. Kama siku ya mwisho imeangukia Jumapili, sikukuu ya umma au siku ambayo mahakama imefungwa, unaweza kuwasilisha siku mahakama inapofunguliwa. Mimi humshauri kila mtu asijiwekee mpango unaotegemea nafuu hiyo. Jipangie siku tatu kabla ya mwisho.

Jambo la ada linasahaulika sana. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1992, msimamo ni kwamba nyaraka inahesabika kuwasilishwa siku ada yake ilipolipwa. Kwa upande mwingine, Kanuni za Usajili wa Nyaraka kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018 zinasema nyaraka iliyotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabika ya siku hiyo. Mabishano kati ya misimamo hiyo miwili yameshaangusha nyaraka za watu wengi, na wewe huna sababu ya kuwa sehemu ya mabishano hayo. Tuma na ulipe siku ileile. Ukishapata namba ya kumbukumbu ya malipo, lipa kwa simu au benki saa hiyohiyo na uhifadhi risiti.

Mfumo ukigoma, piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa hitilafu, saa na tarehe, kisha mwandikie Msajili kuomba nafuu. Fanya hivyo kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Picha hiyo moja ina nguvu kuliko aya tano za kulalamikia mtandao.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la siku

Hii ndiyo kazi yenyewe. Katika Maombi ya Madai Namba 3 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilisema kuchelewa hata kwa siku moja lazima kutolewe maelezo, vinginevyo hakuna maana ya kuwa na kanuni zinazoweka muda. Miaka michache baadaye, katika kesi ya kampuni ya Lyamuya Construction dhidi ya Wadhamini wa YWCA, Maombi ya Madai Namba 2 ya 2010, iliweka mambo ambayo sasa kila hakimu na jaji huyatazama: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupindukia, aonyeshe bidii, si uzembe wala kutojali, na kama ipo sababu nyingine nzito, kama vile uharamu katika uamuzi unaopingwa, aitaje.

Chukua karatasi, piga mistari, safu tatu: tarehe, nilifanya nini, ushahidi uko wapi. Tutumie mfano wa kubuni. Mdai anajisimamia mwenyewe, anadai fedha za kazi ya ujenzi. Machi 3 mahakama iliamuru alete hoja zake za maandishi ifikapo Machi 17. Machi 12 akalazwa hospitali, akaruhusiwa Machi 18, daktari akamwandikia mapumziko ya siku tatu. Machi 24 shauri likatajwa, akaomba muda kwa mdomo bila karatasi yoyote mkononi, likatupwa. Machi 25 akaandika barua ya kuomba nakala, akaipata Machi 27, na maombi ya kurejesha akayasajili Machi 31.

Kwa haraka inaonekana kesi yake ni nyepesi: alilazwa, ana karatasi za hospitali. Sasa mtazame kama wakili wa upande wa pili atakavyomtazama. Machi 12 hadi 18, karatasi ya kuruhusiwa ipo. Machi 19, 20 na 21, maelezo ya daktari yapo. Machi 22 na 23? Hakuna kitu. Mapumziko yameisha, na kwenye jedwali hajaonyesha alikuwa wapi wala barua yoyote kwa Msajili. Siku hizo mbili zinaweza kumwangusha. Na je, Machi 4 hadi 11, kabla hajaugua, alifanya nini? Kisheria alikuwa bado ndani ya muda na hadaiwi maelezo ya siku hizo, lakini bidii hupimwa kwa picha nzima. Mtu anayeweza kuonyesha kwamba Machi 6 alikwenda ofisi ya msaada wa kisheria na rasimu ikaanza, anasikika tofauti na aliyengoja wiki ya mwisho.

Baada ya amri, siku bado zinaendelea kuhesabiwa. Machi 25 hadi 27 alikuwa anafuatilia nakala, barua yenye mhuri ipo. Machi 28 hadi 31 alikuwa anaandaa kiapo. Aseme nani alimwandalia, lini aliapa, lini alilipa ada. Hapa ndipo wengi hulegea: wanaeleza vizuri kwa nini walichelewa mara ya kwanza, kisha wanakaa wiki tatu baada ya shauri kutupwa bila neno.

Ukigundua pengo kwenye jedwali lako, tafuta ukweli wake. Angalia ujumbe wa simu, tiketi ya basi, daftari la wageni la ofisi uliyokwenda, miamala ya simu. Usibuni. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na uongo mmoja ukibainika, siku nyingine zote ulizozieleza kwa ukweli zinapoteza uzito.

Hatua ya 5: Andika maombi na kiapo

Maombi yanakwenda kwa hati ya maombi inayoungwa mkono na kiapo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya mahakama, kwa hiyo usione haya kuandika kwa lugha unayoimudu. Kwenye hati taja kifungu kinachoipa mahakama uwezo huo, kisha omba kwa ufupi: mahakama itengue amri ya tarehe fulani, irejeshe shauri namba fulani, impe mwombaji muda wa kuwasilisha hoja, na itoe amri ya gharama kadiri itakavyoona inafaa.

Kiapo ni mahali pa ukweli tu. Hoja za kisheria, maoni, lawama na maombi havikai humo. Vikiingia, aya hizo zinaweza kufutwa na kiapo kikabaki mifupa. Aya zako ziwe hivi:

"4. Kwamba tarehe 12 Machi niliugua ghafla na kulazwa hospitali hadi tarehe 18 Machi. Nakala ya hati ya kuruhusiwa imeambatanishwa na kutiwa alama A1.

5. Kwamba daktari aliniandikia mapumziko ya siku tatu, yaani tarehe 19, 20 na 21 Machi, kama inavyoonekana katika kiambatisho A1.

6. Kwamba tarehe 22 Machi nilikwenda ofisi ya msaada wa kisheria, nikaambiwa nirudi siku inayofuata, na tarehe 23 Machi nilisaidiwa kuanza kuandika hoja zangu. Kiapo cha ofisa aliyenihudumia kimeambatanishwa na kutiwa alama A2."

Aya ya 6 ndiyo inayookoa, na imewezekana kwa sababu mwombaji alimtafuta ofisa huyo akaapa mwenyewe. Hii ni kanuni: ukimtaja mtu mwingine kama sababu ya kuchelewa, awe karani, daktari, mtoto wako au dereva, awepo na kiapo chake. Ukisema "karani aliniambia jalada halionekani" bila kiapo cha karani wala barua yenye mhuri, ni maneno ya kuambiwa.

Mwishoni weka uthibitisho unaoeleza aya zipi unazijua mwenyewe na zipi umeambiwa na nani. Uape mbele ya kamishna wa viapo, naye aandike mahali na tarehe ya kiapo na jina lake. Usikubali kiapo ambacho sehemu ya tarehe imeachwa wazi "tutajaza baadaye". Maombi mengi mazuri hufia hapo.

Sababu gani zinasimama, zipi zinaanguka

Ugonjwa unasimama ukiwa na karatasi zenye tarehe zinazolingana na siku ulizochelewa. Cheti cha kliniki kinachosema tu "amekuwa akisumbuliwa na presha" hakielezi kwa nini Machi 17 ulishindwa. Kucheleweshewa nakala na mahakama kunasimama ukiwa na barua za kuomba na za kukumbushia. Msiba unasimama, lakini kwa siku za msiba na safari, si kwa miezi miwili.

Kuna kundi la kuchelewa ambalo mahakama hulitazama kwa huruma zaidi. Katika kesi ya Fortunatus Masha dhidi ya Dk. William Shija ya mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ilitofautisha kuchelewa halisi na kuchelewa kwa kiufundi: mtu aliyefika mahakamani ndani ya muda, nyaraka yake ikaondolewa kwa kasoro, kisha akarudi upesi akakuta muda umekwisha akiwa mahakamani. Amekwisha kuadhibiwa kwa kuondolewa, haifai kuadhibiwa tena. Kama wewe ni wa kundi hili, sema hivyo wazi kwenye aya za mwanzo. Ila ujue ulinzi huo unaishia siku nyaraka ilipoondolewa. Siku zinazofuata unazieleza kama mtu mwingine yeyote.

Uzembe wa wakili, kwa kawaida, haukuokoi. Tangu kesi ya Calico Textile ya mwaka 1983, mahakama imesema wakili kutoangalia vizuri sheria si sababu ya kutosha. Najua hili linaonekana si haki kwa mtu aliyelipa ada yake yote na kuamini. Ndiyo maana nasisitiza: muulize wakili wako tarehe zilizopangwa, ziandike kwenye simu yako mwenyewe, na siku mbili kabla omba kuona nakala iliyosajiliwa. Kutojua sheria nako hakusimami, wala "sikuwa na hela" ikisimama peke yake.

Uharamu katika uamuzi ni sababu nzito, lakini inatumiwa ovyo. Katika kesi ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya mwaka 1992 ilikubalika kwamba kama hoja ni uhalali wa uamuzi wenyewe, mahakama iongeze muda ili jambo litazamwe. Kesi ya Lyamuya ikaweka mpaka: uharamu uonekane wazi kwenye kumbukumbu bila kuhitaji mabishano marefu. Kukosa mamlaka ni mfano, kunyimwa haki ya kusikilizwa ni mwingine. Hakimu kuamini shahidi wa upande wa pili si uharamu.

Halafu kuna Ibara ya 107A ya Katiba, inayotaka haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na kifungu cha 3A cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kilichoingizwa mwaka 2018, kuhusu lengo kuu la sheria hiyo: mashauri yaamuliwe kwa haki, haraka na gharama nafuu. Unaweza kuvitaja, lakini visiwe nguzo ya maombi yako. Katika kesi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Tanzania Breweries, Rufaa ya Madai Namba 66 ya 2017, Mahakama ya Rufani ilikataa kanuni ya lengo kuu itumike kuruka masharti ya lazima.

Hatua ya 6: Sajili, mpelekee mwenzako, jiandae kujibu

Sajili kwenye mfumo, lipa, chapisha risiti. Mpelekee mdaiwa nakala na upate saini ya kupokea. Akileta kiapo kinzani, soma kila aya: kile asichokipinga kinahesabika amekikubali, na kile alichokipinga, kijibu kwa kiapo cha majibu ndani ya muda uliopangwa. Hasa muda huo. Kukosa tarehe ndani ya maombi ya kusamehewa kukosa tarehe ni jambo ambalo hakuna hakimu atakayelielewa.

Siku ya kusikilizwa usianze na ubora wa madai yako wala deni lilivyokuumiza. Anza na jedwali. "Mheshimiwa, kuchelewa kwangu kunaanzia Machi 18 hadi 24, na kuleta maombi kumechukua hadi Machi 31. Naomba nieleze siku hizi moja baada ya nyingine kwa kurejea aya za kiapo." Kisha eleza madhara: kwamba mdaiwa hataumia kwa namna isiyoweza kufidiwa na gharama, na kwamba uko tayari kuwasilisha hoja zako ndani ya siku chache. Kuwa na hoja hizo zimeshaandikwa mkononi kunasaidia sana.

Maamuzi niliyoyataja yanapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Chapisha mawili yanayofanana na hali yako na uyasome mpaka uelewe kwa nini mwombaji alishinda au alishindwa; kumi usiyoyasoma hayatakusaidia. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka watoa huduma waliosajiliwa, na wasaidizi wa kisheria wapo hata wilayani.

Hatua ya 7: Baada ya uamuzi

Ukikataliwa kurejeshewa shauri, amri hiyo inakatiwa rufaa chini ya Amri ya XL ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia huko, muda wa rufaa ni siku 90. Kama shauri lako lilianzia Mahakama ya Mwanzo ni siku 30, na kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni siku 45. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa ni siku 30, na barua ya kuomba mwenendo wa shauri iandikwe ndani ya siku hizohizo 30, nakala yake apewe mjibu rufaa. Usipompa, hutapata nafuu ya cheti cha Msajili cha kuondoa siku za kusubiri nyaraka.

Ukikubaliwa, soma amri tena. Mahakama inaweza kuwa imekupa siku 14, siku 7, au imepanga tarehe kamili, na mara nyingine imeweka sharti kwamba ulipe gharama kwanza. Muda huo ni wa amri mpya, na ukiukosa hutakuwa na pa kurudi kwa urahisi. Wasilisha hoja zako kesho yake, ambatisha nakala ya uamuzi uliokuruhusu ili karani asizikatae kwa kuona tarehe ya zamani, lipa ada siku hiyo, mpelekee mdaiwa nakala, na urudishe mahakamani uthibitisho wenye saini yake kabla shauri halijatajwa.